Shifta fupi au bushi mpya: ipi italainisha gia za Impreza yangu?

Shangani_Juu
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninatumia Subaru Impreza ya gia tano za mkono, na mara mbili kwa wiki hutoka Mtwara mjini kwenda Newala, safari isiyo na taabu mpaka gari linapoanza kupanda uwanda wa Makonde, kwani hapo kurudi kutoka gia ya tatu kwenda ya pili kumekuwa kuzito na pengine kunakwaruza. Nimepata shifta fupi iliyotumika, yaani fimbo ya gia yenye mwendo mfupi, na muuzaji ananihakikishia kwamba gia zitaingia kama kisu kwenye siagi. Mwenzangu kazini anasema nibadilishe bushi tu, vile vipande vya mpira au plastiki kwenye maungio ya fimbo, fimbo ya kiwandani ibaki. Ipi bora?

Fundi_Mikindani
Kaka, ufupi na ulaini ni vitu viwili tofauti. Shifta fupi huhamisha egemeo la fimbo ili mkono usafiri kidogo. Lakini ikiwa ulikuwa unasafiri sentimita 10 na sasa ni 7, nguvu unayotumia huongezeka kwa takriban asilimia 43, kwa kuwa kazi inayofanyika ndani ya giaboksi haijapungua. Gia iliyo nzito itazidi kuwa nzito. Tena, zile pete za shaba zinazolinganisha mzunguko kabla gia haijashika zinahitaji muda mfupi wa kusuguana, na dereva mwenye fimbo fupi huwahi kuliko pete, akazichakaza bila kujua.

Nachingwea_Kwetu
Mimi niliifunga kwenye gari langu la zamani na sijutii. Barabara ya Lindi ikiwa tupu, raha yake haielezeki. Ila bushi ngumu zilizokuja nayo zilipitisha mngurumo wote wa giaboksi mpaka ndani, hata mama watoto akaniuliza kama tumepanda trekta.

Mzee_wa_Mingoyo
Wanangu, hamjagusa oili. Toeni oili ya giaboksi ya daraja la GL-5, wekeni ya GL-4. Ile ya kwanza ina viambato vya salfa vinavyoweza kula shaba.

Fundi_Mikindani
Shikamoo mzee. Kwa giaboksi nyingi ushauri wako ni sahihi, lakini katika Subaru hii giaboksi na difu ya mbele, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele, hutumia oili moja, na meno ya difu hiyo yanahitaji kinga ya GL-5, ndiyo maana kiwanda kimeagiza 75W-90 ya daraja hilo. Akiweka GL-4 ataokoa pete na kuua difu.

Mzee_wa_Mingoyo
Marahaba. Hilo la difu nimelipokea.

Masasi_Nyanda
Kabla ya kununua chochote, ndugu Shangani, fanya jaribio. Zima injini, kisha ingiza gia zote. Baadaye liwashe gari likiwa limesimama, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu sekunde nne, halafu weka rivasi. Ikikwaruza wakati zote ziliingia vizuri injini ilipokuwa imezimwa, basi klachi haiachii sawasawa, na hapo shifta wala bushi haihusiki.

Shangani_Juu
Nimejaribu asubuhi hii. Injini ikiwa imezimwa zinaingia zote, ingawa fimbo inachezacheza pembeni hata ikiwa ndani ya gia. Ilipowashwa, rivasi ilikwaruza. Nimefungua kichupa cha mafuta ya klachi, nikakuta yamepungua na yamekuwa meusi.

Fundi_Mikindani
Basi jibu umelipata mwenyewe. Kagua silinda zote mbili za klachi, ya juu na ya chini, kama zinavuja, kisha toa hewa na uweke mafuta mapya. Huko kuchezacheza ndiko kunakodai bushi, nazo ni za bei ndogo kuliko shifta. Kwa sasa, ukipanda Newala, pumzisha fimbo kidogo kwenye nyutro, achia klachi, gonga pedali ya mafuta, kanyaga klachi tena ndipo uingize ya pili, kama madereva wa malori ya zamani walivyofanya.

Nachingwea_Kwetu
Na ile shifta, kama huichukui, nipe namba ya muuzaji kwa ujumbe wa faragha.