Kijiji cha Uingereza ambacho mashamba hayana uzio mpaka leo, wanawezaje na sisi kila msimu kesi za mipaka haziishi?

Mtama_Lugugu

Wakuu habari za jioni. Mimi niko Kongwa vijijini. Kijijini kwetu tuko kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi, vikao haviishi, na kila kikao nusu ya muda inaishia kwenye mipaka. Fulani kamlia fulani mpaka, ng'ombe wa fulani wameingia kwenye mtama wa fulani kabla haujavunwa, basi ni kelele mpaka jua linazama. Mpaka wenyewe huku ni minyaa, minyaa ikichomwa moto ndo basi tena, mwenye trekta anasogea hatua moja kila mwaka, ukija kushtuka kashapata mistari mitano sita ya alizeti ndani ya shamba lako na anakuapia kabisa kwamba babu yake ndo alikuta hivyo.

Sasa juzi afisa mmoja kutoka wilayani akatuambia kuna kijiji Uingereza kinaitwa Laxton, wakulima wao hawana uzio kati ya shamba na shamba, kila mtu ana vipande vimetawanyika katikati ya vipande vya wenzake, na wameishi hivyo mamia ya miaka. Akasema hivyo halafu akaenda kula, hatujamuona tena. Naomba mwenye kukijua hicho kijiji atueleze ukweli. Nani anasimamia? Mtu akila mpaka anafanywa nini? Na kwa nini vipande vitawanyike wakati ingekuwa rahisi kila mtu apewe eneo lake moja akae nalo?

Kibaigwa_Gulioni

Waingereza tena? Si hao hao walikuja hapo hapo Kongwa 1947 na matrekta yao kulima karanga bila kuwauliza wazee mvua ya huku inanyeshaje, 1951 mradi ukafa wakaondoka wakatuachia vyuma chakavu? Bakini na minyaa yenu aisee 😂

MamaJunior_Mpwapwa

Kibaigwa acha hizo, mwenzio kauliza swali la maana.

Mimi kwetu Mpwapwa ila kwa sasa naishi Nottingham, na Laxton iko mkoa huu huu, Nottinghamshire, nimefika na mwenyeji wangu mmoja. Ni kijiji kidogo tu, barabara kuu moja, kanisa la mawe, nyumba za matofali mekundu, na baa inaitwa Dovecote Inn ambayo pembeni yake kuna chumba wameweka historia ya kijiji. Kitu cha kwanza nilichoshangaa ni kwamba nyumba za wakulima ziko ndani ya kijiji, zimepangana barabarani, ghala na banda la trekta nyuma ya nyumba. Sehemu nyingi za huku mkulima anaishi peke yake katikati ya shamba lake, jirani yuko mbali huko. Laxton wanaishi pamoja halafu asubuhi wanatoka kwenda shamba, kama kwetu kabisa.

Ukitoka nje ya nyumba za mwisho ndo unaona. Huku Uingereza kila sehemu kuna ua wa miti na vichaka umegawa mashamba, ukiwa kwenye treni unaona viboksi viboksi vya kijani. Laxton unakutana na uwanda mmoja mkubwa wazi, hakuna ua hakuna waya, kipande cha huyu kinaishia hapa cha yule kinaanzia hapo, katikati labda rangi ya mazao tu inabadilika kidogo. Mashamba makubwa yako matatu, West Field, South Field na Mill Field, na kila mkulima ana vipande kwenye yote matatu.

Usimamizi sasa. Wana mahakama yao ya kijiji inaitwa Court Leet, inakaa mara moja kwa mwaka, mwanzo wa baridi. Kabla haijakaa kuna siku ya ukaguzi, mwishoni mwa Novemba. Wakulima wenyewe wanaokuwa wameteuliwa kuwa wazee wa baraza wanapanda kwenye tela la trekta, wanapelekwa mpaka kwenye shamba ambalo mwaka huo lina ngano, wanatembea kipande kwa kipande kwenye tope. Na tope lenyewe si mchezo, udongo ni mfinyanzi mwekundu unaganda kwenye buti mpaka mguu unakuwa mzito. Pale mpaka ulipopotea wanapigilia vigingi vipya vya mbao. Pale mtu alipolima akaingia kwenye njia ya wote au kwenye majani ya wote, wanamuandika. Wakimaliza wanaenda kula pamoja pale baa. Wiki inayofuata mahakama inakaa, majina yanasomwa, mwenye kosa anatozwa faini.

Faini si pesa ya kumuumiza mtu, ni ndogo. Ila fikiria unasomwa jina mbele ya majirani wote, na wewe mwaka ujao unaweza ukawa ndo mkaguzi.

Kijana_wa_Area_C

Kumbe ni Ujamaa! Nyerere alisema tukamcheka, kumbe Wazungu wanalima pamoja mpaka leo

BwanaShamba_Mstaafu

Hapana kijana, usichanganye. Ujamaa lilikuwa jambo lingine. Laxton kila mtu analima chake, anavuna chake, anauza chake. Kinachofanywa pamoja ni ratiba.

Nimefanya ugani wilaya za huku Dodoma muda mrefu, na mfumo huo tulifundishwa chuoni kwenye somo la historia ya kilimo, kwa hiyo nimjibu mleta mada lile swali la kwa nini vipande vitawanyike. Mashamba yako matatu. Mwaka huu la kwanza lina ngano iliyopandwa kabla ya baridi, la pili lina zao linalopandwa baridi ikiisha, mfano shayiri au maharage, la tatu linapumzika. Mwakani yanazunguka. Sasa tuseme wewe wamekupa eneo lako lote kwenye shamba moja tu, mwaka ambao hilo shamba linapumzika wewe na wanao mtakula nini? Ndiyo maana lazima uwe na kipande kwenye kila shamba. Halafu ndani ya shamba moja kuna udongo mzuri na udongo mbaya, kuna bonde linalotuama maji na kuna mwinuko. Ukitawanya vipande kila mtu anapata kizuri kidogo na kibaya kidogo. Wagogo wa zamani walilifahamu hilo bila kwenda chuo, mtu alikuwa na kashamba mbugani na kashamba kwenye kichanga, mvua ikizidi anavuna kichangani, ikipungua anavuna mbugani.

Vile vipande virefu vyembamba navyo vina sababu. Vilitokana na kulima kwa maksai, kugeuza jembe lenye jozi kadhaa za ng'ombe ni kazi, kwa hiyo wanalima mstari mrefu kadiri ng'ombe wanavyoweza bila kuchoka ndipo wageuze. Zamani vilikuwa vingi sana na vyembamba, ipo ramani ya kijiji hicho iliyochorwa mwaka 1635 inaonyesha kila kipande na jina la mwenye nacho. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 waliviunganisha vikawa vichache na vipana zaidi, kwa hiyo msidhani hakuna kilichobadilika. Siku hizi wanalima na matrekta makubwa.

Na zile sehemu za mabondeni ambazo hazilimiki kwa sababu ya maji, wanaacha majani. Majani hayo ni ya wote, yanapigwa mnada kila mwaka, anayeshinda anakata anakausha analisha mifugo. Hakuna anayeruhusiwa kuyalima.

Mtama_Lugugu

Shikamoo mzee, na dada yangu Mama Junior asante sana. Hilo la mifugo limenigusa. Baada ya kuvuna wanafanyaje? Maana huku mtama ukishatoka shambani ng'ombe wa kijiji kizima wanaingia kwenye mabua, ugomvi unakuja pale mmoja amechelewa kuvuna.

BwanaShamba_Mstaafu

Marahaba. Zamani na wao ilikuwa hivyo hivyo, mavuno yakitoka shamba zima linafunguliwa kwa mifugo ya kijiji, samadi inabaki humo humo. Lakini kwa kuwa wote wamepanda zao moja na wanavuna wakati mmoja, hakukuwa na wa kuachwa nyuma. Akichelewa shauri yake, siku ya kufungua inajulikana. Nyinyi huko kila mtu anapanda anachotaka na anavuna anapotaka, huyu uwele, huyu alizeti, huyu karanga za kuchelewa, halafu mnataka ng'ombe waelewe.

Wakili_wa_Kitaa

Naomba nimwage maji kidogo kwenye moto. Mnasimulia kama vile Waingereza ni watu wa kushirikiana sana, mbona vijiji vyao karibu vyote vilikuwa hivi halafu vikafutwa? Bunge lao lilipitisha sheria zaidi ya 5,000 kati ya 1604 na 1914, kijiji baada ya kijiji, kufunga mashamba ya wazi na malisho ya wote yakawa mali ya watu binafsi wenye ua. Eneo kama la sehemu moja ya tano ya England. Mtu mdogo aliyekuwa na haki ya kuchunga ng'ombe wake mmoja alibaki hana kitu, wengine wakaishia mjini kwenye viwanda. Ule ukijani wa viboksi viboksi aliouona Mama Junior kwenye treni, mwingi umetokana na hapo.

Laxton imebaki kwa bahati. Ardhi ilikuwa chini ya mabwana wawili wakubwa ambao hawakuelewana jinsi ya kugawana, kwa hiyo kazi ya kufunga mashamba haikumalizika. Mwaka 1952 familia ya Earl Manvers, mmoja wa mabwana hao, ikaiuzia Wizara ya Kilimo, 1981 ikaenda kwa Crown Estate, yaani shirika linalosimamia ardhi ya Taji la Uingereza, 2020 ikarudi kwa Thoresby Estate ambao ni familia ile ile ya zamani. Maana yake ni nini? Wale wakulima wengi wao ni wapangaji. Anayetaka shamba pale anajua kabisa kwamba anachukua na utaratibu wake. Kongwa huna mwenye ardhi mmoja wa kumwambia mtu kubali au ondoka.

MamaJunior_Mpwapwa

Hilo la upangaji ni kweli, mwenyeji wangu alinieleza, na nakiri ndo nguzo kubwa. Lakini mbona Wakili unaongea kama vile sisi hatuna mwenyewe? Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema. Tatizo letu hatukagui. Tunasubiri watu wagombane ndo tuite wazee.

Wakili_wa_Kitaa

Hapo nakubaliana na wewe. Baraza la ardhi la kijiji lipo kisheria, wajumbe saba na wasiopungua watatu wawe wanawake, ila kazi yake ni kusuluhisha. Anasubiri mgogoro uletwe. Hana siku ya kutoka kwenda shambani akaangalie, na faini hatozi.

Kibaigwa_Gulioni

Kwa hiyo mnataka wazee wa Kongwa wapande kwenye tela? Watagombania nani akae mbele 😂 Ila kiukweli hilo la kwenda kuangalia mimi nalikubali. Na waende mazao yakiwa yameota, msiende kiangazi. Kiangazi shamba ni vumbi tupu, kila mtu anaonyesha kwa kidole tu, babu yangu alipanda mpaka pale. Januari mtama ukiwa umefika magotini mstari unaonekana wenyewe, aliyevuka kavuka.

BwanaShamba_Mstaafu

Kibaigwa leo umesema neno. Ndiyo maana hata hao wa Laxton wanakagua shamba lenye ngano ambayo imeshapandwa, wanaona mtu alikolima na alikomwaga mbegu.

Mtama_Lugugu

Nimepata cha kupeleka kwenye kikao. Uzio siutaki na vipande vya kutawanya hatuwezi kuanza leo, watu wana mashamba yao ya urithi. Ila siku ya ukaguzi kila Januari, wakaguzi wawe wakulima wenyewe na wabadilike kila mwaka, na mpaka ukipotea wapande mnyaa au mkonge hapo hapo wote wakiona, hiyo inawezekana. Na tarehe moja ya kufungua mabua kwa ng'ombe. Sasa Wakili, faini tunaiwekaje isije mtu akatupeleka mahakamani?

Wakili_wa_Kitaa

Mkitoza faini bila sheria ndogo mmekwisha, mtu yeyote anaweza kuipinga. Halmashauri ya kijiji iandike rasimu, ipelekwe mkutano mkuu wa kijiji watu waijadili, muhtasari uandikwe vizuri na mahudhurio yaambatanishwe na saini zao, ipitie kata, halafu iende halmashauri ya wilaya ikaidhinishwe. Kabla hamjaandika chochote nendeni kwa mwanasheria wa halmashauri mkamuombe mfano wa sheria ndogo za kijiji kingine, maana wengine wanaandika kurasa kumi zinarudishwa kwa sababu kiwango cha faini kimezidi kinachoruhusiwa. Na tarehe ya kufungua mabua iwekeni kwenye rasimu hiyo hiyo, msitenganishe, wafugaji wakiona kuna kitu chao humo ndani watakuja kwenye mkutano.