Tupeane uzoefu: mguu mzito jioni, si kila mara ni uchovu

Bint Pangani: Wakuu, kuna mama muuza mchicha sokoni, weusi umemzunguka kifundo cha mguu kwa ndani, ngozi inang'aa. Anaambiwa kakanyaga tego. Ile ni vena, mishipa inayorudisha damu moyoni! Mnaohudumia miguu ya hivi, mnaitambuaje kabla haijafika kwenye kidonda?

Muuguzi wa Zamu: Anza na saa. Mguu wa vena asubuhi mwepesi, jioni umejaa, mzito, unawasha, na usiku shavu la mguu linakaza. Ukilala ukauinua, unapungua. Vali, vile vilango vya ndani ya vena, zimelegea, damu iliyotakiwa kupanda inateremka tena na kutuama. Bonyeza ugoko karibu na kifundo kwa kidole gumba, hesabu hadi kumi. Kikibaki kishimo, hapo pana maji. Kisha linganisha miguu yote miwili juani. Kwa ngozi yetu usisubiri wekundu wa vitabuni. Tafuta weusi uliozidi, au ukijivu, na ngozi iliyokakamaa kama ubao.

Mzee wa Tanga: Huku kwetu mguu ukivimba ni matende tu.

Muuguzi wa Zamu: Si yote, mzee wangu. Finya ngozi kwenye shina la kidole cha pili cha mguu. Matende yaliyokomaa hayafinyiki, na mgongo wa wayo nao unavimba. Vena mara nyingi haigusi vidole. Ikivimba miguu yote pamoja, uliza moyo, figo, na kama anameza amlodipini ya presha.

Mkono Mwepesi: Damu chafu hiyo. Apigwe chuku palepale penye mshipa.

Dada wa Kliniki: Usimpeleke mtu huko ndugu yangu! Mshipa umejaa, ngozi juu yake nyembamba kama ganda la kitunguu. Kuna fundi cherehani alijikuna tu bafuni, damu ikaruka hadi ukutani. Majirani wakamfunga kamba chini ya goti, ikazidi, maana kamba ilizuia damu ya vena kupanda huku ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, zikiendelea kuleta. Alipona alipolazwa chali, mguu ukainuliwa kupita kifua, kitambaa safi kikakandamizwa dakika 15 bila kuchungulia.

Abuu K: Dah. Dakika 15 bila kuchungulia. Nimeshika.

Mkono Mwepesi: Basi avae soksi za kubana, ziko tele.

Dada wa Kliniki: Apimwe ateri kwanza. Wayo ukiwa wa baridi, na maumivu ya usiku yanatulia akiuning'iniza mguu, soksi itamharibia vidole. Presha ya kifundo ukiigawanya kwa ya mkono ukapata chini ya 0.5, soksi marufuku. Akiwa salama, daktari humwandikia za mbano wa milimita 20 hadi 30 za zebaki, avae asubuhi kabla hajashuka kitandani.

Muuguzi wa Zamu: Kidonda cha vena hukaa juu ya kifundo, kwa ndani, kingo hazilingani, kinatoa maji. Cha sukari mara nyingi hukaa chini ya wayo. Mtaani vyote ni kidonda ndugu, ila tiba tofauti kabisa.

Mzee wa Tanga: Na mguu mmoja ukivimba ghafla?

Dada wa Kliniki: Ukiwa wa moto na shavu linauma, huenda damu imeganda ndani. Hospitali leo leo, msiuchue. Pumzi ikikata, ni dharura.

Bint Pangani: Kesho naenda kwake na futi kamba.

Muuguzi wa Zamu: Pima sentimita 10 chini ya nundu ya mfupa iliyo chini ya goti, miguu yote. Mmoja ukizidi mwenzake kwa 3, aache mchicha, mpeleke hospitali.