Mama yangu amepiga hodi kwenye mlango wa saruji

Mwana_Mkomani: Wakuu, ninaandika nikiwa bado kwenye maegesho. Ile bustani ya burudani ya Florida mnayoijua, yenye "mtaa wa Waswahili", leo imemfanya mama yangu, mzaliwa wa Lamu, apige hodi kwenye mlango usiofunguka. Alipiga mara tatu, kwa adabu, akasogea pembeni asije akachungulia ya watu, akasubiri aambiwe karibu; badala yake akaja kijana wa zamu kumweleza kwamba mlango huo ni wa kupigia picha tu. Nakshi yote ile ya mawaridi na minyororo ni saruji iliyopakwa rangi ya mbao!

Baraza nayo imezungushiwa kamba, kana kwamba baraza ina kazi nyingine zaidi ya kukaliwa. Vichwa vya boriti vimechomoza ukutani kama mikoko ya kweli, ilhali havibebi dari yoyote, na nyufa za chokaa zimechorwa kwa brashi, kiasi kwamba niliukuta ufa uleule kwenye nyumba nne. Ghorofa ya juu wameifanya ndogo kuliko ya chini ili jengo lionekane refu, kwa hiyo mwenye kuishi humo lazima awe paka. Lakini mama alisubiri aitikiwe, wakuu. Alisubiri!

Kasa_Mzee: Pole sana, ila umelipa viingilio viwili kwenda kutazama ukuta ambao kwenu ungeuegemea bure. Mama ameshaitikiwa, au bado yuko mlangoni?

Bi_Shangani: Mlango huo ulikuwa na misumari mikubwa ya shaba? Kama ilikuwapo, basi wameiga wa kwetu Unguja, na Lamu haina la kudai.

Mwana_Mkomani: Ilikuwapo, ya plastiki. Na hodi ilipigwa mara tatu.

Mnazi_Mkinda: Afadhali ya ninyi mliokwenda mbali. Huku kwetu Diani kuna hoteli iliyoezekwa makuti ya plastiki huku imezungukwa na minazi pande zote, na mvua ilipoanza, paa likalia kama debe, wakati makuti ya kweli huimeza sauti ya mvua hata mtu akasinzia.

Bi_Shangani: Tuseme haki, makuti ya kweli huoza, na kila baada ya miaka michache unamtafuta fundi upya.

Kasa_Mzee: Hayo ya plastiki yanauzwa wapi, ndugu? Banda langu la kuku linavuja tangu masika.