Nakuru: Tumechoka na semina za kuwezesha akina mama, tulipeni pesa yetu kwanza

Wadau, nitaandika ndefu juu nimekuwa nikimeza hii kitu tangu mwaka jana na leo imefika hapa kooni. Kama hauna muda pita tu, hakuna ubaya.

Asubuhi nimeamka na meseji ya mwaliko. Semina ya siku moja ya akina mama wafanyabiashara, mada ni jinsi ya kuweka vitabu vya hesabu, chai na lanchi iko, nauli ya 500 utarudishiwa. Hii itakuwa ya sita kwangu. SITA. Niko na vyeti vitano kwa droo pale nashonea, niko na tisheti tatu, moja ina picha ya mama amebeba kikapu anacheka sijui anacheka nini, na mpango wa biashara naweza kukuandikia nikiwa nimesinzia. Kitu sina ni shilingi 436,500 zangu ambazo zimekaliwa na ofisi moja ya umma hapa hapa Nakuru, na hiyo ofisi ilinitambua kama mama mjasiriamali siku ya kupokea mali peke yake, tangu hapo mimi ni yule mama wa kusumbua.

Mimi ni fundi wa nguo. Nilianzia kwa veranda karibu na Top Market na cherehani ya miguu niliyoachiwa na shosho, nikasonga pole pole mpaka nikapata chumba upande wa Bondeni, cherehani nne, mbili zikiwa juki za stima, na ovaloki moja. Januari ni sare za shule, Desemba ni mapazia, katikati hapo unashona chochote kinakuja. Sikuwa tajiri lakini nilikuwa nalala. (Nyumba nayo ilipanda Nakuru ilipofanywa jiji tarehe 1 Desemba 2021, mwenye nyumba akatuambia hii ni jiji sasa, kana kwamba choo nacho kilipandishwa cheo.)

Semina ya tatu ndiyo ilinimaliza. Jamaa mmoja na projekta akatufunza mambo ya AGPO, ati asilimia 30 ya tenda za serikali imetengewa wanawake, vijana na watu wanaoishi na ulemavu, na hii iko tangu 2013 lakini sisi tumekaa tu kwa veranda tunauza kimoja kimoja. Akasema tusiogope, serikali ni mteja ambaye hawezi kuhama usiku na mali yako. Tukacheka. Kweli hajahama, namjua hadi mlango.

Basi tukafungua kampuni, mimi na wenzangu wawili, juu lazima angalau asilimia 70 iwe ya wanawake na uongozi wote uwe wetu. Kuna PIN ya kampuni, kuna cheti cha kuonyesha haudaiwi ushuru, kuna leseni ya biashara, kuna akaunti ya benki ya kampuni, kuna hicho cheti chenyewe cha AGPO. Kila karatasi na safari yake, saiba hapa 100, saiba pale 200, piga muhuri, rudi tena tarehe imepita. Karibu miezi miwili cherehani yangu inashonewa na mtu mwingine mimi niko kwa foleni.

Alafu kweli tukapata. LPO, ile karatasi ya ofisi ya kuagiza mali, ikatoka na jina la kampuni yetu. Ovaroli 90 kwa 1,750, dastikoti 60 kwa 1,150, na mashuka pea 150 kwa 1,400. Nilishika ile karatasi nikaipiga picha nikaitumia mamangu.

Sasa LPO si pesa. Hiyo hawakufundisha. Kitambaa cha Eastleigh kule Nairobi hakiuzwi kwa LPO, mwenye duka anataka pesa yake hapo hapo, na drili nzito ya ovaroli si ya kuchezea. Nikaingia kwa taasisi moja ya mikopo, 300,000 ya miezi 12, riba asilimia 1.5 kila mwezi kwa hesabu ya mkopo wote hata ukiwa umeshalipa nusu, yaani 29,500 kila mwezi. Wakakata ada na bima nikapokea 288,000. Dhamana ni chama changu, tuko akina mama wanane, tukaandikisha mpaka friji na viti vya nyumba kwa fomu, ofisa akaja akazipiga picha moja moja, hata ile redio ya bwanangu ambayo haiongei.

Tulishona wiki tano. Niliongeza mafundi wawili, stima ikipotea usiku tunashona mashuka na ile ya miguu ya shosho kwa tochi ya simu. Siku ya kupeleka mali kamati yao ya ukaguzi ikatoka watu watano wazima. Wakavuta mishono, wakahesabu vifungo, wakapima shuka kwa tepu. Dastikoti nne zikarudishwa ati mfuko umekaa upande. Sikununa, nikarekebisha usiku huo na saa mbili asubuhi nilikuwa kwa geti. Wakasaini. Mnaona venye wanaweza kufanya kazi haraka wakitaka? Siku mbili mali imekaguliwa, imepokelewa, imeingia stoo. Hiyo ilikuwa mwezi wa pili, mwaka jana.

Leo tuko mwezi wa saba, mwaka huu. Miezi 17.

Mwanzo ilikuwa njoo wiki ijayo. Alafu faili iko kwa bosi. Bosi naye yuko Naivasha kwa mkutano, na nikirudi bado yuko Naivasha, mpaka nikajiuliza kama huyu mtu ameoa huko. Alafu sistimu iko chini. Alafu Nairobi haijaachilia pesa. Alafu ikafika tarehe 30 Juni ya mwaka jana nikaambiwa madam mwaka wa fedha umefungwa, deni lako litaingia la mwaka ujao, kuwa na subira. Tarehe 30 Juni ya mwaka huu imepita wiki juzi na nimeambiwa maneno hayo hayo na kijana tofauti, huyu wa sasa hata alikuwa hajui mimi ni nani, akaniuliza "mamaa, wewe ulileta nini?" Nikamwangalia. Alikuwa amesimama na mlinzi aliyevaa ovaroli yangu! Naijua mishono yangu, naijua hata hiyo zipu venye inakwama ikifika hapa. Ovaroli imeshapauka kwa magoti, imefuliwa imefuliwa, na mimi sijalipwa hata kifungo.

Kuna mwingine hapo ndani aliniita kando akaniambia mama, faili haina miguu. Akanitajia asilimia 10. Nikamuuliza kumi ya faida ama kumi ya zote, akaona nimekuwa mjinga. Wacha niwapigie hesabu: kitambaa 262,000, mafundi 58,000, uzi na vifungo na zipu na usafiri 14,500. Inabaki 102,000. Toa riba 54,000. Inabaki 48,000 ya watu watatu, kama wangelipa kwa wakati. Asilimia 10 ya zote ni 43,650. Yaani nimpe karibu faida yote ndiyo nipewe mtaji wangu.

Na msiniambie hawakuwa na pesa. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inasema wazi ofisi haifai hata kuanza kununua kabla ihakikishe hiyo pesa iko kwa bajeti. Kwa hivyo siku wanaandika LPO yangu pesa ilikuwepo, ama walivunja sheria. Chagueni moja. Kama ilikuwepo, nani aliimeza?

Sasa upande wa mkopo. Taasisi ya mikopo haijui bosi ako Naivasha. Miezi minne nililipa na kazi ya kawaida, mwezi wa tano nikakosa. Kama haujawahi kuwa kwa mkopo wa kikundi acha nikuelezee. Mnakaa kwa mkutano na hakuna mtu anatoka mpaka pesa ya siku ifike. Saa nne, saa tano, saa sita, ofisa amekaa na tablet yake anaangalia ukuta. Akina mama wakaanza kunichangia. Kuna mwenzetu anauza omena sokoni, alitoa 2,000 ya kwenda kuchukua mali siku ya pili, akaniwekea mkononi bila kuniangalia usoni ndiyo nisione haya. Heri angenitukana. Hiyo 2,000 nimeirudisha lakini ile siku sijairudisha.

Nikauza juki mbili. Nilinunua moja kwa 38,000, nikauza 21,000 kwa mtu ambaye alijua nina shida. Mafundi wakaenda. Mmoja saa hii anashonea kwake Rhonda na ninamtumia kazi ikinizidi, sio kwamba zinanizidi sana siku hizi. Mkopo nilimaliza, ndiyo. Nimemaliza deni la kitambaa cha ovaroli ambazo nimewapa watu bure.

Na siko peke yangu, hii ndiyo inanichoma. Kwa chama chetu kuna anayepika chai na chakula cha mikutano. Mwaka jana alipewa kazi ya kulisha watu 80 siku mbili, chai, mandazi, lanchi ya kuku. Unajua ilikuwa mkutano wa nini? Wa kuwezesha wanawake kibiashara. Mpaka leo hajalipwa hayo mandazi. Yaani mama alisimama nyuma ya sufuria anasikia huko mbele wakisema mwanamke apewe nafasi, wakapiga makofi, wakala kuku wake, wakapiga picha na wakaenda. Nilipomuuliza alisema kitu kilichomuuma zaidi ni kwamba waliomba wabebe iliyobaki.

Halafu ukifungua TV ni mama mboga huku, mama mboga kule. Hustler Fund ilikuja Novemba 2022, unaanza na 500. Mia tano! Hazina ya akina mama iko tangu 2007. Sipingi mikopo, iko iliyonisaidia zamani. Lakini kwani hamwoni kichekesho? Serikali inanikopesha kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine imekopa kwangu, yake inataka riba, yangu haina hata shukrani. Risiti ya eTIMS, ile ya watu wa ushuru, nilishaitoa, kwa ushuru inaonekana nimeuza, kwa simu yangu inaonekana Fuliza, deni la M-Pesa.

NAONGEZA: nimeona majibu, wacha nijibu machache.

Aliyeandika ati hata wanaume hawalipwi. Najua. Niandikie uzi wao nitakuja kulia na wewe. Lakini mwanaume hakuitwa semina tano kuambiwa shida yake ni kutojua hesabu.

Aliyesema niende korti. Nilienda kuuliza. Korti ya madai madogo inachukua kesi ya hadi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na inafaa kuamuliwa ndani ya siku 60. Nikafurahi. Kisha karani mmoja, mtu mzuri tu, akanieleza pole pole kwamba kushinda ni rahisi kuliko kulipwa, juu mali ya serikali haishikwi na dalali wa korti. Hauwezi kwenda kubeba meza yao. Ukishinda unapewa cheti cha hukumu unaanza safari nyingine ya mahakama kuu kumlazimisha mkubwa wa ofisi alipe. Friji yangu ingebebwa kwa deni la mwezi mmoja, meza yao haiguswi kwa deni la miezi 17. Na bado nitaenda, wacha nipate pesa ya kufungua kesi.

Aliyesema "sista ungewachana na tenda ufanye biashara yako ndogo". Ndugu yangu, biashara yangu ndogo ndiyo walikula.

NAONGEZA TENA, saa kumi na nusu: nimepigiwa simu. Namba ya landline. Nikajua pesa imetoka, nikatoka nje nisikie vizuri juu ya kelele ya bodaboda. Ni ile ofisi. Msichana ana sauti ya heshima kabisa, ati "madam, tumepata jina lako kwa orodha ya wazabuni wanawake, tunaomba kwotesheni ya mapazia, madirisha 64, utuletee kabla ya Ijumaa." Nikamuuliza kama ameona faili yangu. Akasema hiyo ni idara nyingine.

Nimeambia chama. Mama wa chai anasema nikatae. Mwenye omena anasema nichukue, ati nikiwa ndani na mapazia watalazimika kulipa zote mbili, na kwamba wakikosa kunilipa niende niyatoe. Nimekaa hapa na tepu shingoni, sijajibu mtu.