Tupeane uzoefu: methali gani ya malezi uliielewa ulipopata mtoto?

Mwanzisha mada
Habari za jioni wapendwa. Nilikua nikisikia "mchelea mwana kulia hulia yeye", nikadhani ni maneno ya wazee wanaopenda fimbo. Nimeielewa mwaka huu. Mwanangu wa miaka 3 alikuwa hali bila simu mbele yake. Ukiizima analia mpaka anatapika, nami namrudishia haraka. Mama mkwe alipokuja kututembelea alikaa akatazama: nimeshika kijiko cha uji, mtoto macho kwenye simu, mdomo wazi, hamezi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Leo unaogopa alie yeye." Tukaizima. Siku nne za kilio, na mimi nililia jikoni kweli. Siku ya tano alikula ndizi huku ananisimulia habari za paka wa jirani. Karibuni, leteni zenu.

Mdau wa Rufiji
Mimi nilichapwa sana kwa jina la "samaki mkunje angali mbichi". Kila kosa, methali kwanza, fimbo baadaye. Lakini mama yangu alikuwa anabanika kambare wa kuuza, na nilimwona akikunja samaki wenyewe. Anamshika kwa mikono miwili, anauleta mkia taratibu mpaka mdomoni, anachomeka kijiti asikunjuke, ndipo anampandisha kwenye uchaga juu ya moshi. Ukimlazimisha anapasuka, na aliyepasuka hapati mnunuzi. Akishakauka ndiyo basi, ukijaribu kumkunja anavunjika. Sasa nina watoto wawili na sijawahi kuwapiga. Nawakunja, ila kwa mikono ile ya mama. Wazee waliotunga methali hii walijua samaki. Sisi tumebaki na neno "kunja" tukalisoma "piga".

Mama Pacha
Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Wangu wana miezi 5. Nitarudi kuandika wakilala.

Mdau wa Mwanza
Mdau wa Rufiji, umenigusa. Yangu ni "mkono mmoja haulei mwana". Baba wa mtoto aliondoka nikiwa na mimba. Nilikuwa naamka saa 10 alfajiri kupika vitumbua, na jirani yangu, mama mtu mzima, alikuja bila kuitwa, anamfunga mwanangu mgongoni kwa kitenge chake na kuondoka naye. Miaka miwili, hakuwahi kunidai hata sabuni. Mwaka jana akaugua miguu. Mwanangu ana miaka 9 sasa, ndiye anayemchotea maji kila asubuhi kabla ya shule, na sikumtuma.

Mwanzisha mada
Huyo mama umpe salamu zangu, dada.

Mdau wa Tanga
Kwetu methali huvaliwa. Nilipotimiza arobaini ya mtoto wa kwanza, mama alinipa kanga ya "uchungu wa mwana aujuaye mzazi". Niliipokea kama zawadi tu, nikaiweka sandukuni. Mtoto alipopata homa kali usiku, nikaivuta hiyohiyo, nikamfunika, tukapanda bodaboda kwenda hospitali. Tukasubiri mpaka alfajiri. Mama alifika kwa miguu, hakuuliza kitu, akakaa kwenye benchi akashika upande mmoja wa ile kanga, mimi nimeshika wa pili. Mtoto alipona. Ile kanga imechakaa, maandishi yamefifia, lakini bado naifunga.