Simu mezani au chumba cha pili: naomba ushauri kuhusu muundo wa jaribio na vipimo vya vigeu

Mtafiti_Chipukizi
Habari zenu wadau. Naandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya kwanza, saikolojia. Nataka kujua kama simu ikiwa mezani tu, sauti imezimwa, inapunguza uwezo wa mwanafunzi kushika mambo kichwani. Nimepanga wanafunzi 60, kila mmoja apimwe mara mbili: simu ikiwa mezani, halafu simu ikiwa chumba cha pili. Nitawasomea tarakimu wazirudie, kisha orodha ya maneno ya kukumbuka, na mwisho wajaze hojaji ya msongo wa mawazo yenye maswali 10 (PSS-10) ili nione kama simu inaongeza msongo. Nitauliza pia jinsia, umri (18–20, 21–23, 24+) na matumizi ya simu (kidogo, wastani, sana).

Msimamizi ameniambia nieleze kila kigeu (jambo ninalolipima) kiko kwenye skeli gani, na kwamba hojaji ni odinali kwa hiyo nisipige wastani. Hapo ndipo nimekwama. Je, muundo wenyewe mnauonaje?

BiTakwimu
Karibu. Nianze na skeli. Mgawanyo wa nominali (majina tu), odinali (mpangilio wa juu na chini), intavali (hatua zilizo sawa) na resho (hatua sawa na sifuri halisi) ni wa mwanasaikolojia S. S. Stevens, 1946. Kosa la kawaida ni kudhani skeli imo ndani ya jina la kigeu, kwamba "umri ni resho", basi. Skeli inatokana na namna ulivyokusanya data. Umri ukiuuliza kwa makundi kama ulivyopanga, umeushusha mwenyewe ukawa odinali, na huwezi kuupandisha tena baadaye. Uliza mwaka wa kuzaliwa. Makundi utayatengeneza wakati wa uchambuzi ukiyahitaji.

Matumizi ya simu ndiyo yaliyonisumbua zaidi. "Kidogo, wastani, sana" ni odinali dhaifu, kwa sababu mwenye saa tatu kwa siku anaweza kujiita "kidogo" akijilinganisha na mwenzake wa chumbani. Simu nyingi za sasa huhifadhi muda wa matumizi kwenye mipangilio. Mshiriki afungue mwenyewe, asome dakika za siku 7 zilizopita, uziandike. Hapo una resho yenye sifuri halisi. Fanya hivyo mwishoni mwa kikao, la sivyo umemfumbulia lengo la utafiti.

Jinsia na mahali simu ilipo ni nominali. Ukiandika 1 kwa mezani na 2 kwa chumba cha pili, hizo ni lebo tu. Programu itakupa wastani wa 1.5 bila kulalamika, lakini haumaanishi kitu.

Idadi ya maneno yaliyokumbukwa ni resho kama hesabu ya maneno: 10 ni mara mbili ya 5. Ila usiandike kwamba mwenye 10 ana kumbukumbu mara mbili ya mwenye 5. Aliyepata sifuri hakukosa kumbukumbu, orodha yako ilimshinda tu.

Kuhusu hojaji, msimamizi yuko sahihi kwa swali moja moja. Jibu la "mara nyingi" liko juu ya "wakati mwingine", lakini hakuna aliyethibitisha kwamba hatua hiyo ni sawa na ile ya kutoka "kamwe" hadi "mara chache". Jumla ya maswali 10 (0 hadi 40) ni jambo jingine, na watafiti wengi huichukua kama intavali ya kukaribia. Mbishano huo ni wa miaka mingi na bado upo. Eleza kwenye pendekezo kwamba utatumia jumla, na usiseme popote kuwa 20 ni msongo mara mbili ya 10.

Maabara_Ndogo
Naongezea kuhusu muundo, maana hapo naona tatizo kubwa kuliko la skeli.

Kwanza, PSS-10 inauliza hali ya *mwezi uliopita*. Dakika kumi za simu mezani haziwezi kubadilisha mwezi uliopita wa mtu. Kwa hiyo haifai kuwa kigeu tegemezi (matokeo unayotarajia simu iyabadilishe) kwenye jaribio lako. Ijazwe mwanzoni, kabla mshiriki hajajua simu yake itakaa wapi, uitumie kama kigeu cha kudhibiti (tofauti za awali za washiriki unazozizingatia kwenye uchambuzi). Ukitaka msongo wa wakati huohuo, chora mstari wa milimita 100, ncha moja "nimetulia kabisa", nyingine "nina wasiwasi mkubwa kabisa", aweke alama, upime kwa rula. Angalia kurasa zilizochapishwa: printa ikipunguza ukubwa, mstari unatoka na milimita 96 na vipimo vyako vyote vinapinda.

Pili, kumpima mtu mmoja katika hali zote mbili. Faida yake ni idadi: kwa athari ya wastani (tofauti ya nusu ya mkengeuko sanifu, 0.5), nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuigundua athari ikiwepo) na kiwango cha 0.05 pande mbili (uwezekano wa kudai athari isiyokuwepo), unahitaji watu 34 tu, mradi alama za hali mbili ziwe na uhusiano wa karibu 0.5. Ukitumia makundi mawili tofauti unahitaji 64 kila kundi, yaani 128. Lakini mtu akiambiwa "sasa peleka simu chumba cha pili, turudie", amekwishajua unachotafuta, na wengine watakusaidia kukipata. Ward na wenzake (Marekani, 2017) walitumia makundi tofauti: mezani, mfukoni au kwenye begi, na chumba kingine. Kwa swali hili ningefanya hivyo hata kama idadi inauma. Ukibaki na 60, yaani 30 kwa 30, andika wazi kwamba unaweza kugundua athari kubwa tu, ya karibu 0.74.

Kupanga makundi: tuseme A ni mezani na B ni chumba cha pili; usitumie "wa kwanza kufika A, wa pili B", maana marafiki hufika pamoja na msaidizi ataanza kubashiri. Tumia vitalu vya watu wanne, wawili A na wawili B. Mipangilio ni sita (AABB, ABAB, ABBA, BAAB, BABA, BBAA). Chagua kwa nasibu kila kitalu, weka kila mgawo kwenye bahasha iliyofungwa yenye namba, na ifunguliwe baada ya PSS-10 kukamilika. Anayesahihisha majibu asijue bahasha ilisema nini.

Mezani, simu ilale kifudifudi, mtetemo umezimwa pia, sentimita 20 kutoka ukingo, upande uleule kwa wote. Kundi la pili nao wafanye tendo linalofanana, mfano waweke daftari mahali hapo. Bila hivyo utakuwa unalinganisha meza yenye kitu na meza tupu.

Lugha_na_Akili
Hakuna aliyegusa tarakimu na maneno, na hapo ndipo tafiti nyingi za Kiswahili huvuja.

Usitumie jedwali la alama za kawaida zilizopimwa kwa Kiingereza. Tarakimu 1 hadi 9 kwa Kiingereza zina silabi moja, isipokuwa 7. Kwa Kiswahili zote tisa zina silabi mbili, *nne* ikiwemo (n-ne). Muda wa kutamka huathiri idadi inayoshikika. Ellis na Hennelly walionyesha jambo hilohilo kwa Kiwelisi (lugha ya Wales) mwaka 1980. Mshiriki wako akiishia tarakimu tano, si lazima awe dhaifu. Linganisha kundi na kundi ndani ya utafiti wako, basi.

Kisha kuna sauti: *tatu* na *tano*, *nne* na *nane*, na *sita* na *tisa* ambazo zina sauti zilezile zimebadilishana nafasi. Usizipange zikifuatana. Sifuri iache, ina silabi tatu. Soma tarakimu moja kwa sekunde, bila kupandisha sauti katikati, maana ukisoma kama namba ya simu unamsaidia kuzigawa. Amua pia lugha ya kujibia: mwanafunzi wa chuo anaweza kusikia kwa Kiswahili akashikilia kwa Kiingereza. Mwambie ajibu kwa Kiswahili, na mwishoni muulize alizishikaje.

Maneno: *kikombe, kijiko, kitabu, kisima* kwenye orodha moja ni balaa, kiambishi ki- kinayafunga pamoja. Changanya ngeli, lingana silabi, epuka kundi moja la maana: *mlango, barua, samaki, kivuli, sabuni, jirani* yote yana silabi tatu na hayahusiani sana. Weka maneno 15, moja kila sekunde 2, dakika 2 za kuandika. Hutaki maneno ya mwisho yapate upendeleo? Kabla ya kuandika, wahesabu kurudi nyuma kwa tatu kwa sekunde 30.

Mtafiti_Chipukizi
Asanteni sana, nimeshahamisha PSS-10 mwanzoni. Mawili yamebaki: jaribio gani la takwimu, na nitajuaje kama tafsiri ya hojaji imekaa sawa?

BiTakwimu
Makundi mawili, alama za tarakimu na maneno: jaribio la t la Welch (hulinganisha wastani wa makundi mawili), maana halidai makundi yawe na mtawanyiko sawa. Alama zikirundikana juu, tatizo ni kazi rahisi mno, na hakuna jaribio litakalokuokoa. Ndiyo maana ufanye majaribio ya awali na watu 8 hadi 10. Wakipata 13 kati ya 15, ongeza maneno. Kwa tarakimu, hesabu jumla ya mifululizo sahihi badala ya urefu mkubwa tu, ili alama zitofautiane zaidi.

Kwenye PSS-10, maswali ya 4, 5, 7 na 8 hugeuzwa. Majibu ni 0 hadi 4, kwa hiyo alama mpya ni 4 kutoa jibu. Wengi hutumia 6 kutoa jibu, ambayo ni ya 1 hadi 5, na jumla zinaweza kuvuka 40. Alfa ya Cronbach (kipimo cha jinsi maswali yanavyokubaliana) ikitoka 0.2 au hasi, angalia kwanza kama ulisahau kuyageuza.

Kuhusu tafsiri: andika majibu matano kwenye kadi, zichanganye, wape watu wazipange kutoka chache hadi nyingi. Wakibadilisha "mara chache" na "wakati mwingine", hata odinali huna. Badilisha maneno kabla ya kuchapisha.