Mwanzo wa filamu yangu fupi haushiki mtu, nisaidieni

kijana_wa_ploti
Wadau habari zenu. Niko na filamu fupi ya dakika 12, stori ni ya mama fua anaishi ploti fulani ya kukodisha mtaa wa Pipeline hapa Nairobi, anangoja simu ya kijana wake ameenda kazi Saudia na hawajaongea wiki mbili. Tushashuti karibu yote, shida ni mwanzo. Nilikodi droni nikachukua lile jengo la KICC huko town, nikachukua Thika Road usiku magari yakiwaka taa, nikachukua Pipeline kutoka juu, halafu jina la filamu, kama sekunde 50 hivi na muziki wa huzuni chini. Nimeonyesha watu watano na wote walikuwa wameshika simu zao kabla jina halijaingia. Imeniuma sana juu pesa nyingi ilienda kwa hiyo droni. Sasa swali, mwanzo unafaa kufanya kazi gani hasa? Mtu anajuaje mahali, mhusika na kama ni filamu ya kulia ama ya kucheka, yote kwa dakika moja bila mtu kuongea?

dada_wa_kamera
Pole kaka. Droni yako inasema hapa ni Nairobi, lakini haisemi ni Nairobi ya nani.

Tafuta Rear Window ya Hitchcock, ya 1954, uangalie zile dakika za kwanza tu, utaona ploti kabisa. Kamera inazunguka uani watu wakiamka, halafu inaingia kwa nyumba ya jamaa amelala jasho likimtoka, thamomita inaonyesha joto, mguu uko kwa plasta, inasonga kidogo unaona kamera imevunjikavunjika, halafu picha ukutani ya ajali ya magari ya mashindano. Hakuna mtu amekuelezea kitu na tayari unajua kazi yake, unajua aliumiaje, na unajua atashinda hapo dirishani juu hawezi enda popote, yaani filamu yote iko hapo.

Sasa mama yako anafua. Anza na mikono, beseni, kamba imejaa nguo zenye si zake, mashati ya watu wa ofisi, yunifomu za watoto wa wenyewe. Na simu iwe ndani ya karatasi ya nailoni juu mikono yake iko na maji, imewekwa pale kwa grili ya dirisha penye netiweki hushika. Akipangusa mikono aiangalie mara moja, arudi kufua. Mi nikiona hivyo nishajua kuna mtu anangojwa.

fundi_sauti
Dada ameongea ukweli ila mmesahau masikio. Pipeline iko karibu na uwanja wa ndege wa JKIA, ndege zinapita hapo juu kila saa, na kijana alienda na ndege! Anza na giza, maji yanajaza mtungi, mita ya tokeni inalia pip pip juu stima inaisha, mtoto wa jirani analia, halafu ndege inakuja inafunika hizo sauti zote na mikono ya mama inasimama ndani ya maji mpaka ipite. Majirani wanaendelea na shughuli zao, wao walishazoea, ni yeye tu anasimama. Hapo umempata mahali na mhusika kwa pigo moja.

Toa muziki kabisa. Sergio Leone kwa Once Upon a Time in the West, 1968, aliweka watu watatu wanangoja treni, na kwa muda mrefu unaskia tu kinu cha upepo kikilia, maji yakidondoka kwa kofia, nzi. Kungoja kwenyewe ndio kunakutia wasiwasi. Ukiweka muziki wa huzuni sekunde ya kwanza unamwambia mtu alie kabla hajampenda huyo mama.

mzee_wa_reli
Vijana, msiitupe droni yote. Huyohuyo Hitchcock kwa Psycho, 1960, alianza na mji wa Phoenix kwa upana, akaandika siku na saa kwa skrini, halafu akachagua dirisha moja akaingia. Huko kuchagua ndiko kunafanya kazi, mtazamaji anahisi angeweza kuingia dirisha lolote na akaingia hili. Kwa hivyo kijana, KICC toa, Thika Road toa, bakisha Pipeline, na iwe fupi.

Halafu kumbuka Nairobi Half Life ya 2012. Mwas tunampata kijijini akiuza filamu kwa kuziigiza mbele ya wateja, tunajua ndoto yake kabla hajafika mjini, ndio maana akiibiwa siku ya kwanza huku town inakuuma. Mji unaujua kwa chenye umemnyang'anya.

kijana_wa_ploti
Asanteni sana, sijalala nikisoma hii. Nimefungua faili tena, kwa ile droni ya Pipeline kuna sekunde 4 zinaonyesha paa na kamba za nguo, hizo nazibakisha, nashuka kwa kamba ya mama, zingine zote nimetoa. Ndege sikuwa nimeifikiria na iko ndani ya karibu kila shoti tulichukua, tulikuwa tunakasirika tunarudia kila ikipita! Jumamosi tunarudi kwa ploti saa kumi na moja asubuhi kabla foleni ya maji ianze. Fundi, naeza kukuomba maiki siku hiyo moja, na wewe mwenyewe kama uko huru?

fundi_sauti
Niko. Nitakupata steji saa kumi na nusu, ubebe betri.